Jiko la Frankfurt: Jinsi Jiko la Kale Linavyorudishiwa Sura Yake

Katika kila nchi, matendo ya wakubwa huandikwa vitabuni na majumba yao hutunzwa. Lakini mahali ambapo akina mama wametumia sehemu kubwa ya umri wao, yaani jikoni, ni nadra kupata mtunzaji. Stovu ikichakaa hutupwa. Kabati likichujuka rangi hupasuliwa likawa kuni. Miaka hamsini ikipita, hapatikani mtu wa kueleza kwa hakika bibi zetu walisimama wapi walipokuwa wakipika, au waliweka wapi unga ili usiingiliwe na wadudu.

Kwa hiyo ni jambo la kufikirisha kwamba majumba ya makumbusho ya Vienna, London na New York yamejipatia, kwa kuhifadhi, jiko dogo lililobuniwa kwa ajili ya nyumba za watu wa kawaida katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Na katika mji huo wenyewe ipo nyumba moja ambayo jiko lake limerudishiwa sura iliyokuwa nayo ilipojengwa, karibu miaka mia moja iliyopita. Kazi hiyo ina mafunzo kwa kila familia inayoishi katika kota yenye nafasi finyu. Tena mtu mmoja mkuu katika habari hii aliacha kazi ya mikono yake hapa Uganda.

CHANZO CHAKE

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyokwisha mwaka 1918, miji ya Ujerumani ilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba. Mwaka 1925 mji wa Frankfurt ulimkabidhi Ernst May, msanifu wa majumba, kazi ya kujenga mitaa mipya ya watu wenye kipato cha kadiri. Mwaka 1926 May alimwita bibi mmoja kutoka Vienna aitwaye Margarete Lihotzky, ambaye baada ya kuolewa alijulikana kwa jina la Schütte-Lihotzky. Bibi huyo, aliyezaliwa mwaka 1897, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Austria kusomea usanifu wa majumba. Kabla ya kwenda Frankfurt alikuwa amekwisha kushughulika na mipango ya makazi ya askari waliorudi kutoka vitani.

Alipewa swali gumu: jiko la familia litoshee vipi katika chumba chenye upana usiofika mita 2 na urefu wa mita 3 na nusu hivi? Hakuanza kwa kuchora mapambo. Alianza kwa kuitazama kazi yenyewe. Alisoma maandishi ya Christine Frederick wa Marekani, aliyechunguza mwendo wa mama wa nyumbani kama mafundi wanavyochunguza mwendo wa kazi kiwandani. Hatua zilihesabiwa, na muda wa kila kazi ulipimwa kwa saa. Alitazama pia jiko la behewa la chakula katika gari la moshi, mahali ambapo wapishi katika chumba kama ushoroba huwalisha abiria wengi bila kugongana.

Jambo la kushangaza ni kwamba bibi huyo mwenyewe hakuwa mpishi. Baadaye alieleza kwamba nyumbani kwao Vienna alipika mama yake, na Frankfurt yeye alikula mkahawani. Jiko lile alilibuni kama msanifu mwenye kupima, wala si kama mama wa nyumbani.

KILA KITU NA SABABU YAKE

Atakaye kulirudisha jiko la namna hii hana budi kwanza kuelewa kwamba hakuna kilichowekwa kwa ajili ya urembo tu. Meza ya kazi iliwekwa chini ya dirisha ili mpishi apate mwanga, na mbele yake kiti cha kuzunguka, kwa sababu kumenya na kukatakata ni kazi zinazoweza kufanywa mtu ameketi. Katika meza hiyo palikuwa na droo ya kupokea maganda, hata usafi ukafanyika kwa mkono mmoja. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani usipotumika. Taa ilitembea juu ya reli darini, ikamfuata mpishi alikokwenda.

Vyakula vikavu kama mchele na sukari viliwekwa katika vidroo vya alumini vyenye mkono na mdomo wa kumiminia, kila kimoja na jina lake. Unga uliwekwa katika droo ya mti wa mwaloni, kwa kuwa mti huo huwafukuza fukusi. Meza ilitengenezwa kwa mti wa Ulaya uitwao bichi, usioharibika upesi kwa kisu, madoa wala asidi. Milango ya makabati mengi ilipakwa rangi ya buluu yenye kuelekea kijani, kwa sababu wataalamu wa siku zile walisema nzi huikwepa rangi hiyo.

Kando ya stovu palikuwa na sanduku la kupikia. Chungu kikishachemka hutiwa humo, kikafunikwa barabara, na chakula kikaiva polepole kwa joto lake chenyewe bila moto. Akina mama wa Afrika ya Mashariki wanaotumia kapu la kupikia ili kuokoa makaa wataitambua hekima hiyo mara moja.

KWA NINI YALITUPWA

Majiko ya namna hiyo yapatayo 10,000 yalijengwa katika miaka michache. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1960 na 1970, wenye nyumba walikuwa wakiyang'oa kwa wingi. Ingekuwa dhuluma kuwalaumu kwamba hawakujua thamani ya walichokuwa nacho, kwa maana baadhi ya malalamiko yao yalikuwa ya haki.

Jiko lile lilipimwa kwa mtu mmoja. Binti hakupata mahali pa kusimama amsaidie mama yake, na mume aliyetaka kushika mwiko alizuia njia. Wenyeji wengi waliweka katika vidroo vitu tofauti na majina yaliyoandikwa, maana kila nyumba ina chakula chake. Vidroo hivyo vilikuwa chini kiasi cha kufikiwa na watoto wadogo, ambao waliweza kuchanganya sukari na dengu mama alipogeuka. Tena kuta zilizompunguzia mama hatua zilimtenga na jamaa waliokuwa wakizungumza chumba cha pili.

KAZI YA KULIRUDISHA

Majiko yalipokuwa yamebaki machache ndipo thamani yake ilipoonekana. Mwaka 1989 na 1990, jumba la makumbusho liitwalo MAK mjini Vienna lilijenga upya jiko la Frankfurt, na aliyelibuni, ambaye alikuwa amepita miaka 90, alishiriki kwa mashauri. Hiyo ni bahati ambayo warudishaji wa vitu vya kale huipata mara chache mno.

Mjini Frankfurt, chama kiitwacho Ernst-May-Gesellschaft, kilichoundwa mwaka 2003, kilishughulikia nyumba moja katika mtaa wa Römerstadt uliojengwa mwaka 1927 na 1928, ili nyumba, bustani na jiko lake virudi katika hali ya mwanzo. Hapo ndipo linapoonekana tofauti kati ya kupamba na kurudisha. Mwenye kupamba angeweza kununua stovu nzuri ya gesi ya miaka ile, akajisifu kwamba amemaliza. Lakini Römerstadt ulikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kabisa ya Ujerumani kutumia umeme kwa kila kazi ya nyumbani. Katika mitaa mingine ya Frankfurt stovu ya gesi ni kweli. Katika Römerstadt ingekuwa uongo, ijapokuwa ni ya kale.

Ushahidi hutafutwa kwa subira. Kuhusu rangi, fundi hachagui ile inayompendeza. Hutafuta mahali palipofichika jua na mikono, kama vile nyuma ya bawaba au upande wa ndani wa fremu, akakwangua doa dogo tu kwa kisu chembamba, tabaka baada ya tabaka, mpaka afikie rangi ya kwanza. Alama za misumari ukutani humwonyesha rafu ilipokuwa. Kwa jiko la Frankfurt yapo pia maandishi na picha za gazeti la Das Neue Frankfurt, na ipo filamu ya Paul Wolff ya miaka hiyo hiyo, inayoonyesha jiko likitumika. Filamu ina faida kuliko picha, kwa kuwa yaonyesha ni mkono gani ulishika nini, na kitu gani kilifuata kingine.

Lipo jaribu moja kubwa. Mrudishaji akishaziona kasoro za jiko, hutamani kuzisahihisha: kuongeza upana kidogo, kupandisha vidroo juu, kubomoa kipande cha ukuta. Akifanya hivyo atakuwa amejenga jiko zuri, lakini atakuwa ameufuta ushahidi wa mama aliyesimama humo peke yake. Kurudisha kwa haki ni kurudisha wema pamoja na kasoro, ili atazamaye ahukumu mwenyewe.

MSANIFU ALIYEFIKA KAMPALA

Mwaka 1930 Ernst May aliondoka Frankfurt pamoja na kundi la wasanifu, Bibi Schütte-Lihotzky akiwamo, kwenda kujenga miji katika Urusi ya Kisovieti. Baada ya hapo hakuweza kurudi kwao, kwa kuwa Hitler alikuwa ameshika utawala. Mwaka 1934 alikuja Tanganyika akalima shamba, kisha akafungua ofisi ya usanifu Nairobi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa alikuwa Mjerumani. Alipoachiwa alipewa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala kuelekea Kololo na Naguru, sehemu ambazo familia nyingi za polisi zinazijua vema. Jengo la Makumbusho ya Uganda katika barabara ya Kira, lililofunguliwa mwaka 1954, ni kazi yake. Mwaka 2011 ulikuwapo mpango wa kulibomoa ili pajengwe jumba la biashara la ghorofa 60; wapenzi wa historia walipinga, na jengo hilo lingali limesimama.

Bibi Schütte-Lihotzky naye alirudi Austria mwaka 1940 ili kuwasaidia waliompinga Hitler kwa siri. Alikamatwa mwaka 1941, akahukumiwa kifungo cha miaka 15, na aliachiwa majeshi ya Marekani yalipofika mwaka 1945. Alifariki mwaka 2000, siku chache tu kabla ya kutimiza miaka 103. Uzeeni alilalamika kwamba watu walimkumbuka kwa jiko tu, kana kwamba hakufanya jingine maishani.

MAFUNZO KWA NYUMBA ZETU

Uani mwa Makumbusho ya Uganda zimejengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali, pamoja na vyombo vyake. Ni vema wazazi wawapeleke watoto huko, wawaulize vyombo vile vilitumikaje, na wenye kujua wajibu wangali hai.

Familia yenye jiko la zamani, liwe la mafiga matatu au la kota iliyojengwa wakati wa ukoloni, ikitaka kulitengeneza bila kuipoteza sura yake, yafaa izingatie haya. Kwanza, kabla ya kuondoa kitu chochote, picha zipigwe kila upande na vipimo viandikwe. Pili, waulizwe wazee: si kuhusu jina la chombo tu, bali kilikaa wapi, kilishikwa na nani, na baada yake kilifuata nini. Tatu, kitu cha asili chenye mikwaruzo kisibadilishwe kwa kipya chenye kuiga, iwapo bado chafaa kazi. Mikwaruzo nayo ni maandishi. Nne, kinachoongezwa leo kiandikwe kuwa ni cha leo, ili wajukuu wasidanganyike.

Tano, usalama usitolewe sadaka kwa ajili ya sura. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo zisipigwe msasa zikiwa kavu na vumbi likatapakaa nyumbani, na kazi hiyo apewe fundi anayejua kujikinga. Nyaya za umeme zilizochakaa zibadilishwe, hata kama swichi ya zamani itaachwa ukutani kwa ukumbusho. Bati za asbesto zisikatwe wala kutobolewa.

Na kwa wale wasio na jiko la kale la kurudisha, bali wana pembe moja ya chumba, sigiri na masufuria matatu, fundisho kubwa la Frankfurt lawahusu vilevile. Mwenye nyumba na aketi siku moja atazame kazi ya jikoni: maji yako hatua ngapi kutoka motoni, kisu kinatafutwa mara ngapi, ni nani anayeinama kutwa na ni nani anayepita tu. Kisha vitu vihamishwe kulingana na alichokiona, na nafasi ya mtu wa pili isisahauliwe. Jifya moja haliinjiki chungu.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Maelfu ya majiko ya Frankfurt yalitupwa, na leo mataifa yanayatunza machache yaliyosalia. Jiko la nyumba nyingi za hapa halitafika katika makumbusho yoyote. Mtunzaji wake ni yule anayeishi humo, na kumbukumbu yake ni ile itakayoandikwa wakati bibi angali anaweza kuisimulia.