Tabaruki ya Ukoo wa Bappa

Niliyoyasikia Mulki, karibu na Mangalore, Bara Hindi, yalinishangaza. Kila mwaka Mabaniani wa huko humpandisha Durga, mungu wao wa kike, juu ya gari refu la mbao, umati ukalivuta kwa kamba. Ajabu ni hekalu lenyewe la Bappanadu: wenyeji husimulia kwamba lilijengwa na tajiri Mwislamu, Bappa Beary, baada ya jahazi lake kukwama mto Shambhavi, kisha akaoteshwa usiku. Siku ya gari, ukoo wake hutengewa tabaruki. Chakula hicho si chetu, lakini heshima ni heshima. Basi iliniuma kusikia kuwa mwaka 2022 palitundikwa mabango ya kuwakataza wachuuzi Waislamu wasiuze kitu sherehe hiyo hiyo.