Urahisi wa Tairi Usitugharimu Maisha

Msimu mmoja wa masika nilikuwa nikiteremka na jamaa zangu kutoka Limuru kuelekea Bonde la Ufa, tairi la nyuma likapasuka. Gari liliyumba, likavuka mstari, kisha likasimama ukingoni. Tulinusurika kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Tairi hilo nilikuwa nimelinunua majuma sita kabla, kwa bei rahisi mno, kwa muuzaji wa mitumba jijini Nairobi. Lilikuwa jeusi la kumetameta, na mifereji yake ilionekana yenye kina. Fundi aliyelifungua ndiye aliyenionyesha kwamba mifereji hiyo ilichongwa kwa kisu, na kwamba tairi lenyewe lilikuwa na umri wa miaka 11.

Naam, rahisi ni ghali. Hata hivyo, simshauri mtu wa mshahara wa kawaida akimbilie tairi la bei ya juu kabisa. Anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni hutoshelezwa na tairi jipya la bei ya wastani, mradi ajue kulisoma. Ujuzi huo unahitajika zaidi tangu kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza matairi ya Yana kisitishe uzalishaji mwaka wa 2016. Siku hizi madukani tunakutana na majina mengi ya kigeni tusiyoyafahamu.

Tuchukue tairi lililoandikwa 195/65 R15 91H. Tarakimu 195 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Nambari 91 yaonyesha kwamba tairi hilo laweza kubeba kilo 615, nayo herufi H kwamba lahimili kasi ya kilomita 210 kwa saa. Sheria ya Kenya hairuhusu gari dogo kupita kilomita 110. Basi ya nini kulipia herufi ya juu zaidi? La muhimu ni kutoshuka chini ya kiwango alichoagiza mtengenezaji wa gari.

Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 1424, tairi lilitengenezwa juma la 14 la mwaka wa 2024. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, hivyo usikubali tairi "jipya" lililokaa dukani miaka mingi.

Bei nayo ipimwe kwa safari. Tuseme tairi la mtumba la shilingi 4,000 linakwenda kilomita 10,000, na jipya la shilingi 9,000 linafika kilomita 45,000. La kwanza limekugharimu senti 40 kwa kila kilomita, la pili senti 20. Ni lipi basi lililo rahisi?

Ukishalinunua, litunze. Pima upepo kabla ya safari, tairi likiwa baridi, ukifuata kiwango kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kile cha ubavuni mwa tairi ni kikomo tu. Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo: mpira ukilika hadi usawa wavyo, umebaki milimita 1.6, na tairi limekwisha kazi.

Gari zima hushika barabara kwa sehemu nne tu, kila moja yapata ukubwa wa kiganja. Juu ya viganja hivyo vinne tunawapakia wake, waume na watoto wetu. Tusivinunue gizani.