Saa ya Kulala na Usingizi wa Mtoto

Mzazi ampelekapo mtoto kitandani saa 2:30 usiku badala ya saa 3:30, hutarajia kuwa mtoto huyo atalala saa moja zaidi. Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini mwili hauifuati sawasawa.

Usingizi hutawaliwa na nguvu mbili, kama alivyoeleza Alexander Borbély wa Zürich mwaka 1982. Ya kwanza ni haja ya usingizi, ambayo hulimbikizana kadiri mtu akaavyo macho, na hupungua alalapo. Ya pili ni saa ya ndani ya mwili, iliyomo katika ubongo na ambayo hurekebishwa na mwanga. Mtoto alazwaye mapema kuliko desturi yake huwa hajalimbikiza haja ya kutosha; hugeukageuka kitandani, huku mzazi akidhani ni ukaidi.

Hata hivyo, jitihada hiyo si bure. Mwaka 2003 Avi Sadeh wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu watoto 77 wenye umri wa miaka 9 hadi 12. Kila mtoto alivaa kifaa kidogo kinachopima mijongeo ya mwili. Kwa usiku 3 wengine walitakiwa walale saa moja zaidi ya kawaida yao, na wengine saa moja pungufu. Wengi waliweza kuubadili usingizi wao kwa kiasi cha kuonekana. La ajabu ni kwamba waliopunguziwa walilala kwa utulivu zaidi, lakini mchana uchangamfu wao ulipungua. Mtoto alalaye fofofo, basi, huenda ni mtoto asiyelala vya kutosha. Majaribio ya utendaji wa akili nayo yalitofautisha makundi hayo mawili.

Kwa kijana aliyebalehe mambo ni mengine. Saa yake ya ndani huchelewa: melatonini, homoni inayoutangazia mwili kuwa usiku umeingia, huanza kuongezeka baadaye kuliko ilivyokuwa utotoni, na mwanga mkali wa jioni huichelewesha zaidi. Aamriwapo kuzima taa mapema, aghalabu hubaki gizani akiwa macho, na kengele ya alfajiri humkuta angali na deni.

Mji wa Seattle, Marekani, uliushughulikia upande wa pili wa usiku. Katika mwaka wa masomo wa 2016/17 shule zake za sekondari zilisogeza mwanzo wa vipindi kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi. Watafiti walipowalinganisha wanafunzi wa 2016 na wa 2017, waliona kuwa usingizi umeongezeka kwa dakika 34. Vijana hawakuutumia muda ule kukesha; saa ya kupitiwa na usingizi ilibaki karibu ileile, wakachelewa kuamka tu.