Filamu imetangazwa: kwa nini inachelewa kutufikia?

Kionjo cha filamu mpya hakizidi dakika mbili au tatu, nacho mara nyingi huishia na tarehe. Mpenzi wa filamu huikariri tarehe hiyo kama mwanafunzi anavyokariri siku ya kufunga shule. Lakini kwa mtazamaji aliyeko Arua, Bombo au Kampala, na hasa anayezungumza Kiswahili nyumbani, hiyo ni tarehe ya kwanza tu katika safari ndefu.

Kwanza, tarehe yenyewe haina mizizi. Studio huichagua kwa hesabu za biashara: msimu wa Krismasi, likizo za shule za Marekani, au wiki ambayo mshindani hana filamu kubwa sokoni. Hesabu ikibadilika, tarehe nayo huhamishwa. Filamu ya James Bond, No Time to Die, ilipangiwa Aprili 2020. Janga la korona likafunga majumba ya sinema, ikaonekana mwishoni mwa Septemba 2021. Sehemu ya pili ya Dune ilikuwa itoke Novemba 2023, ikasogezwa hadi Machi 2024 kwa sababu waigizaji wa Hollywood walikuwa katika mgomo na hawakuruhusiwa kuinadi. Ilisubiri matangazo, si kamera.

Aliyevunja rekodi ya subira ni James Cameron. Avatar ya kwanza ilitoka Desemba 2009. Ya pili wakati fulani ilipangiwa Desemba 2014, kisha ikaahirishwa mara kwa mara huku miswada ya sehemu zilizofuata ikiandikwa kwa pamoja na mbinu za kunasa uigizaji chini ya maji zikitafutwa. Ilionekana Desemba 2022. Aliyetazama ya kwanza akiwa darasa la saba alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na ushei alipoiona ya pili.

Hata tarehe ikitimia, hiyo ni ya majumba ya sinema, ambayo kwetu ni machache na mengi yake yako Kampala. Zamani kampuni za Marekani zilisubiri takribani siku 90 kabla ya kuiruhusu filamu iingie majumbani. Baada ya korona nyingi zimepunguza muda huo hadi siku 45 hivi. Ndipo mtazamaji wa kawaida anapoipata, akiwa na intaneti na pesa za kulipia.

Hapa Uganda, hata hivyo, iko tarehe nyingine ambayo studio haiijui: siku ambayo VJ amemaliza kazi yake. VJ ni mfasiri na msimulizi anayeweka sauti yake juu ya filamu ya kigeni. Hafasiri maneno peke yake. Humbatiza mhusika jina la mtaani, hueleza kwa nini polisi wa New York wanafanya wanavyofanya, hutania, huonya kwamba jambazi yuko nyuma ya mlango. Katika vibanda vya video, wako watazamaji wanaouliza kwanza ni VJ gani aliyeitafsiri, ndipo waulize jina la filamu. Mimi ninayefasiri habari nawaonea wivu kidogo, kwa maana habari hairuhusu uhuru wa namna hiyo.

Nguvu ya sauti hiyo imeonekana katika filamu ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010. Nakala isiyo na msimulizi imepotea. Iliyobaki, na ambayo dunia inaijua, ni ile yenye sauti ya VJ Emmie.

Lakini ma-VJ wengi hutafsiri kwa Kiluganda, kwa sababu huko ndiko kwenye soko. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kibandani uamuzi huo haujasikika sana. Kwa masimulizi ya Kiswahili msikilizaji hutegemea majirani: kazi za Lufufu wa Tanzania, au za DJ Afro wa Kenya, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na lugha ya mitaani ya Nairobi. Bibi wa Bombo huenda akacheka pale, akapotea hapa.

Kuna na kizingiti cha sheria. Kutafsiri filamu ya mtu kunahitaji idhini ya mwenye haki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 iko wazi. Tafsiri nyingi za vibandani hazina idhini hiyo, kwa hiyo studio haziwezi kuzihesabu kama soko, na kwa kuwa hazilioni soko, hazioni sababu ya kugharimia sauti za Kiswahili. Mduara huo, kwa maoni yangu, unatuchelewesha kuliko umbali wa Hollywood. Idhini inawezekana pakiwa na nia: The Lion King ya mwaka 1994, yenye Simba, Rafiki na wimbo wa hakuna matata, ilitengenezewa toleo la Kizulu. Majina yetu, sauti za wengine.

Filamu zinazozungumza Kiswahili tangu mwanzo hazihitaji mfasiri kwetu, ila nazo zina subira ya aina yake. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi kuhusu Zanzibar ya miaka ya 1950, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto, Septemba 2021. Filamu za namna hii huzunguka kutoka tamasha hadi tamasha zikitafuta msambazaji, na kwa kipindi hicho hazina tarehe moja ambayo mtu wa Arua anaweza kuhesabia siku. Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, huzileta karibu zaidi, lakini kati ya Arua na Ngome Kongwe kuna mipaka, nauli na bahari.

Kwa hiyo, msikilizaji, kionjo kijacho kikiisha, tazama pia orodha ya lugha ambazo filamu itasikika au kuandikiwa tafsiri chini ya picha. Huduma za filamu za intaneti huonyesha orodha hiyo, na baadhi yake hupokea maombi ya wateja kuhusu lugha wanazotaka.