NAMBA YA NJE NA NAMBA YA NDANI: HABARI ZA MISHAHARA YETU ZINAVYOPITA

Ndugu wafanyakazi,

Wengi wetu tulilisikia neno VPN mwaka 2018, Serikali ya Uganda ilipotoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya WhatsApp na Facebook. Watu waliitumia kuikwepa kodi hiyo. Lakini iko VPN nyingine, ambayo kampuni za simu huwauzia waajiri. Hiyo yatuhusu zaidi, kwani orodha za mishahara hupita humo.

Tuseme kiwanda cha nguo kiko Jinja na ofisi yake kuu iko Kampala. Mwajiri hatandazi waya wake mwenyewe. Hukodi njia katika waya wa kampuni ya simu. Shamba la chai lililo kando ya barabara hiyo hiyo nalo hukodi humo humo. Kiwanda kimezipa habari za mishahara namba 10. Shamba nalo limetumia 10. Je, hazitachanganyika?

Hapo ndipo kazi ya fundi ilipo. Mtambo uitwao swichi, ulio mlangoni mwa kiwanda, huongeza namba ya pili kwa nje, tuseme 101; ule wa shamba huongeza 102. Swichi za njiani husoma namba ya nje tu. Kufika Kampala, namba ya nje huondolewa, na ya ndani hubaki kama ilivyokuwa. Ni mfano wa bahasha iliyotiwa ndani ya gunia.

Kila namba huongeza baiti 4 katika mzigo. Fundi asipozipanua swichi zote za njiani, ujumbe mfupi hupita, lakini orodha ndefu hukwama.

Ndugu, jambo kubwa ni hili: namba hutenganisha, haifungi kufuli. Wateja wawili wakipewa namba moja ya nje kwa makosa, mitandao yao huungana, na habari za huyu zaweza kufika kwa yule.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu binafsi humtaka anayezishika azilinde. Basi kila tawi na limwulize mwajiri: Je, orodha zetu hutiwa katika maandishi ya siri kabla ya kutoka ofisini? Ufunguo anao nani? Na zikipotea, tutaarifiwa na nani?