Kasoko za Mwezini na Ziwa la Duara la Masoko

Usiku wa mbalamwezi, mtu asimamaye ufukoni Mwaya akiwa na darubini ndogo ya mkononi aweza kuyaona makovu ya mwezi. Kovu moja, liitwalo Tycho, lina upana wa kilometa 85 hivi, nalo ni kasoko iliyochimbwa na pigo la jiwe la angani. Basi na apande kutoka Mwaya kuelekea Tukuyu. Atafika Ziwa Masoko: duara karibu kamili, upana wake mita 700 hivi, kina chake mita 38 hivi. Je, nalo lilichimbwa na kimondo? Ni rahisi mwanafunzi kuitikia, hasa akikumbuka kuwa kimondo cha Mbozi hakiko mbali.

La, hasha. Masoko ni kazi ya volkeno. Miamba ya moto iliyoyeyuka ilikutana na maji ya ardhini, maji yakageuka mvuke ghafla, na mvuke ukaipasua ardhi.

Kosa hili halina aibu, kwani wakubwa walilifanya kinyumenyume. Mwaka 1891 mwanajiolojia mashuhuri wa Marekani, G. K. Gilbert, aliipima kasoko ya Arizona, yenye upana wa kilometa 1.2, akaamua kuwa ilitokana na mlipuko wa mvuke. Ajabu ni kwamba yeye huyo ndiye aliyetetea kuwa kasoko za mwezini zilichimbwa na mapigo! Ilipofika mwaka 1960, Eugene Shoemaker na wenzake walieleza kuwa Arizona kuna madini ambayo huumbika kwa mgandamizo mkubwa mno. Kimondo kilishinda.

Umbo la duara, basi, si ushahidi. Kokoto ikitupwa mshazari mchangani huacha mfuo mrefu; bali jiwe kubwa la angani hufika kwa kasi ya kilometa nyingi kwa sekunde, na nishati yake hulipuka pande zote, hata kama lilikuja kwa mshazari. Ushahidi umo ndani ya miamba: mipasuko yenye umbo la koni, na chembe za kwatsi zenye michirizi sambamba. Kwa dalili za namna hiyo, kasoko ya Luizi huko Katanga, yenye upana wa kilometa 17 hivi, ilithibitishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011.

Na Mbozi je? Hapo pana kimondo chenyewe, chuma kilichochanganyika na nikeli, tani 16 hivi, lakini kasoko haionekani. Mwezini hakuna mvua wala upepo, hivyo kovu la Tycho lingali wazi baada ya miaka ipatayo milioni 100. Huku kwetu mvua humomonyoa na udongo hufukia. Kyela peke yake hupata zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka.

Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi Masoko awaelekeze kuchunguza kingo za ziwa kabla ya maji yake. Majivu yaliyogandamana na vipande vya mawe ya volkeno vitawajibu.