Fahali wawili walipoivunja FORD

Wahenga walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Nami kila nisikiapo chama kikizozana kuhusu atakayekiongoza, huikumbuka FORD.

Vuguvugu hilo liliasisiwa mwaka wa 1991, na Desemba ya mwaka uo huo kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kikafutwa. Ndipo likazuka swali: nani apeperushe bendera? Jaramogi Oginga Odinga na Kenneth Matiba hawakuafikiana hata kuhusu njia ya kumteua mgombea: achaguliwe na wajumbe, ama na wanachama wote mashinani? Kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992, FORD zikawa mbili: Kenya na Asili.

Matokeo yalikuwa machungu. Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Matiba, Mwai Kibaki wa DP na Jaramogi waligawana zaidi ya asilimia 60, wakaambulia patupu.

Wako wasemao kuwa ukabila ndio uliokivunja chama. Sikatai. Hata hivyo, naamini kanuni za uteuzi zilizokubaliwa mapema zingaliwazuia wakubwa kufarakana. Mwaka wa 2002 sehemu kubwa ya upinzani ilikubaliana kumuunga mkono Kibaki, naye akapata asilimia 62.

Enyi viongozi wa vyama, andikeni kanuni kabla ya kutaja majina. Mkichelewa, gharama yake tutailipa sisi wapigakura, kama tulivyoilipa 1992.